Niliahidi milioni ya mabati, viazi vikaozea shambani

Shikamoo Mama Mwalimu. Naomba jina langu lisitokee maana mume wangu anasoma sana hapa na mama mkwe naye husomewa. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Uyole, nalima viazi mviringo heka moja na nusu kule juu Isyonje, na msimu ukiwa mzuri nakusanya na vya wenzangu napeleka soko la Mwanjelwa. Nimeokoka tangu niko kidato cha pili, kwaya naimba, jumuiya sikosi, sijawahi kusumbua mtu.

Sasa mwaka jana mwezi wa tisa kanisani kwetu kulikuwa na harambee ya kupaua. Aliyeendesha alikuwa mgeni, anajua kuongea yule baba jamani, akasema kila anayempenda Mungu asimame, tukasimama wote, akasema haya, anayempenda kwa laki moja abaki amesimama, wengine wakakaa, akapandisha laki tatu, laki tano, mi miguu ikagoma kukaa sijui niseme nini, nilikuwa naona nikikaa ni kama nasema simpendi. Mwisho tukabaki watu wanne nikasikia jina langu kwenye spika, milioni moja, vigelegele. Mume wangu hakuwepo, alikuwa Tunduma kwenye mizigo yake, na mpaka leo anajua niliahidi laki moja.

Nikatoa kwanza laki tatu na nusu, ilikuwa hela ya vifaa vya kijana wangu aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza bweni, akaondoka na godoro la zamani limekatika katikati. Nikakopa kikoba laki nne za mbolea na mbegu, hesabu yangu ilikuwa nikivuna nalipa kikoba, namalizia ahadi, na Mungu atazidisha maana imeandikwa wapeni watu vitu nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa. Mwezi wa pili mvua ikawa haikatiki, ukungu mpaka saa tano asubuhi, mi nilikuwa nimepiga dawa mara moja tu kwa sababu hela ya dawa ya pili niliiweka kwenye bahasha ya ahadi ili jina langu lisisomwe kwenye wadaiwa. Ndani ya wiki shamba likawa jeusi. Unachimba kiazi kinatoka kizuri kabisa, ukikibonyeza kidole kinazama, na ile harufu Mama, mpaka leo naisikia kwenye nguo. Nikapata gunia nane, na mnunuzi akazijaza lumbesa nikawa namwangalia tu sina hata nguvu ya kubisha.

Mwezi wa nne jina langu likasomwa kwenye wadaiwa hivyohivyo. Dada mmoja wa kwaya akanionea huruma akanipa namba ya mtumishi fulani, nikampigia, akaniambia nina deni la madhabahu, shamba limeguswa, nitume laki moja na nusu ya sadaka ya kufungua halafu nimalizie ahadi haraka kabla halijagusa watoto. Hapo kwenye watoto ndo nilipotetemeka. Kikoba nimeomba tena wamekataa.

Mama yangu mzazi yuko Kyela, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, walishamwambia aje huku Mbeya afanyiwe operesheni, ananisubiri tangu Desemba, nimemwambia avumilie nimalize ya Mungu kwanza na yeye hana neno, anasema kazi ya Bwana itangulie mwanangu. Hilo sio tatizo.

Tatizo ni usiku silali. Nikipiga magoti najisikia kama vile unavyokutana na mweka hazina wa kikoba njiani ukatafuta kichochoro. Mchungaji anahubiri Mungu ni upendo nami nafsi inaniambia labda kwa wengine. Nauliza, bado ananipenda au nimeshaharibu, maana Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa? Na hiyo laki na nusu nitume? Nimebakiwa na laki moja na themanini, na magunia mawili ya mbegu nimeyaficha stoo watu wasiyaone. Nisaidie Mama.

Mama wa Uyole

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikakasirika, ya pili nikalia kidogo, ya tatu nikaona kitu ambacho umekiandika mwenyewe halafu ukakiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Nitakifikia, nacho kinaniuma kuliko milioni.

Laki na nusu usitume. Hata mia mbovu usitume, na namba futa. Mtu anayekwambia shamba limeguswa bila kukuuliza ulipiga dawa mara ngapi huyo mashamba hayajui, na huyo anayetisha watu kwa watoto wao mi sitaki hata kujua anamtumikia nani. Ulichokieleza, weusi wa wiki moja, kiazi kizuri nje laini ndani, ile harufu, ni ukungu wa viazi, mabwana shamba wanauita bakajani chelewa. Unapenda baridi na unyevunyevu, yaani unapenda Isyonje mwezi wa pili, unasambaa kwa upepo na matone ya mvua, na kinga yake ni kupiga dawa mapema na kurudia karibu kila wiki mvua zikikolea. Ugonjwa huohuo uliingia Ireland mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa na njaa na magonjwa yaliyofuata, watu wenyewe wa rozari na misa, na wakubwa waliokuwa wanatawala wapo waliosema ni mkono wa Mungu unawafundisha. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba.

Yesu mwenyewe aliletewa maneno ya namna hii, soma Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, akawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wanaokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe, sivyo. Na kwenye Mathayo 5:45 anasema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kwa hiyo mvua ile ilikunyeshea we muimba kwaya na ikamnyeshea jirani yako ambaye kanisani anaonekana Krismasi, na kama jirani alipiga dawa mara tano basi jirani kavuna. Sikulaumu hapo, nakuonyesha tu hela ya dawa ilipopita. Iliingia kwenye bahasha ili jina lako lisisomwe. Hiyo sio sadaka mwanangu, hiyo ni kununua aibu isije.

Sasa turudi kwenye ile harambee, maana kila kitu kiliharibikia pale. Anayempenda Mungu kwa laki moja abaki amesimama. Hebu lisome tena hilo neno taratibu. Yule baba labda hakuwa na nia mbaya, harambee zina moto wake, mi mwenyewe nimewahi kupandishwa nikaahidi mifuko 20 ya saruji na mshahara wangu wa ualimu mnaujua, lakini alichofanya ni kuweka bei, na bei yenyewe akaiweka upande usio wake. Pendo kwenye Biblia halianzi na wewe kusimama. 1 Yohana 4:10, hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi. Paulo kwenye Warumi 5:8 anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, hakusubiri tupaue kanisa. Yaani siku ile kabla kipaza sauti hakijawashwa ulikuwa umeshapendwa, ungekaa chini kwenye laki moja ungekuwa umependwa vilevile, na leo una deni la ahadi na bado hajapunguza hata robo kilo.

We unamwendea kama kikoba. Kikoba nakipenda, kimenisomeshea wanangu, ila kikoba kinakukopesha kulingana na hisa zako na ukichelewesha rejesho unapigwa faini, ndo haki yake. Wengi wetu tumembadilisha Mungu kuwa mweka hazina wa juu, tunaweka hisa za maombi na mifungo na sadaka halafu tunasubiri gawio mwezi wa kumi na mbili. Shamba likioza tunasema ama hisa hazikutosha ama amenidhulumu.

Na ile kipimo cha kujaa na kushindiliwa, kila harambee lazima isomwe, lakini anza mistari miwili juu uone inaongelea nini. Luka 6:36, iweni na huruma kama Baba yenu alivyo na huruma, kisha msihukumu, msilaumu, achilieni nanyi mtaachiliwa, halafu ndo wapeni. Ni habari ya huruma kwa watu. We ni mtu wa viazi nadhani unaielewa picha ile kuliko wahubiri wengi, maana kushindilia, kusukasuka, kujaza mpaka pamwagike, hiyo si lumbesa hiyo? Tofauti ni kwamba lumbesa ya Mwanjelwa mnunuzi anamjazia mkulima kilemba kwa hasara ya mkulima, na hii ya Luka mwenye kupima anakujazia wewe kwa hasara yake yeye. Na gharama yake ilishalipwa Msalabani. Mtu akikwambia ulipie tena ili ifunguliwe, huyo ni dalali.

Halafu unajua we ni nani kwenye Luka 15? Watu wote huwa tunakimbilia kuwa yule mdogo aliyekula mali na makahaba, anapendeza kuhubiriwa. Mi nakuona we ni kaka mtu. Yule hakwenda popote, alibaki shambani, na siku ya siku akamwambia baba yake miaka yote nimekutumikia, amri yako sijakosa, hujanipa hata mwana-mbuzi. Kaishi nyumbani kwa baba kama kibarua anayehesabu siku. Baba hakumtukana. Alitoka nje, mzee wa watu kwenye baridi, akambembeleza akamwambia mwanangu we uko na mimi siku zote na vyote nilivyonavyo ni vyako. Angalia, alitoka nje mara mbili siku ile, mara moja kwa kila mtoto.

Najua ugonjwa huu kwa sababu nimeuugua. Nimezaliwa Tukuyu, nimelelewa Moravian, lile kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, na tulipokuwa darasa la kipaimara tulisimuliwa habari za Zinzendorf, yule mtawala mdogo wa Kijerumani aliyewapokea wakimbizi wa imani kwenye ardhi yake. Mwaka 1719 akiwa kijana wa miaka kama 19 alisimama mbele ya picha ya Yesu mwenye taji ya miiba huko Düsseldorf, chini imeandikwa kwa Kilatini, nimeteseka haya kwa ajili yako, wewe umenifanyia nini? Mi niliisikia vile ndivyo unavyomsikia mwenye duka akikufungulia daftari. Nikawa na kidaftari changu kweli, kila siku naweka alama, nimesali, nimesoma, nimetembelea mgonjwa, siku yenye pengo sikulala.

Halafu mwaka 1986 nikiwa nafundisha Makete tulizika mtoto wetu wa pili, surua. Wa kwanza kufika alikuwa na maneno, akauliza kama kuna kitu hatujatubu. Wa pili alikuwa bibi mmoja wa jirani, Mkinga, Kiswahili chake kidogo na mi Kikinga sijui, hakusema kitu. Alienda jikoni akakuta moto umezima, akapuliza, akachemsha maji, akaja akanivua viatu vyangu vilivyojaa tope la makaburini, akaniosha miguu. Nikawa nalia nasema bibi acha, mi ni mwalimu, ananishika kisigino hataki kuachia. Kidaftari sikukifungua tena. Kile alichouliza Yesu wa kwenye picha niliacha kukisikia kama dai, kwa sababu mtu aliyekuosha miguu hata akikuuliza umenifanyia nini unajua hadai, anataka mkae pamoja.

Utaniambia basi Mama tusitoe, tukae tu tumependwa. Hapana. Mwangalie Zakayo, Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, watu wananung'unika huko nje, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha Yesu alimtajia kiasi. Mwenyewe alisimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hiyo ndo harambee iliyonoga kuliko zote na haikuwa na MC. Mtu akishajua kapendwa mikono inafunguka yenyewe, na inafunguka kuelekea kwa watu halisi wenye majina. Hata Paulo akichangisha Wakorintho aliwaambia si kwa huzuni wala si kwa lazima, na tena kwamba nia ikiwepo sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyonavyo mtu, si kwa kadiri ya asivyonavyo.

Na hapo sasa nafika kwenye dimbwi.

Umeandika "hilo sio tatizo". Mama yako haoni. Tangu Desemba anapapasa ukuta kwenda chooni na wewe umemwambia asubiri ya Mungu iishe, naye kwa sababu ni mama na ni mcha Mungu amesema sawa. Fungua Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Kulikuwa na watu wanaowaambia wazazi wao kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, kimeshatolewa wakfu kwa Mungu, na walimu wa dini wakawaruhusu. Yesu alikasirika. Aliwaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Mwanangu, ulikuwa unamtafuta Mungu kwenye bati na yeye alikuwa anakusubiri stendi ya Kyela ameshika fimbo. Nimeandika kwa ukali nisamehe, ila wewe hukufundishwa vibaya peke yako, tumekufundisha wengi tukikusifia jinsi unavyojitoa.

Kuhusu Mhubiri 5 sitakudanganya, mstari upo na maana yake ipo, mtu asiropoke mbele za Mungu. Lakini Biblia hiyohiyo kwenye Walawi 27:8 inasema mtu aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kile kiasi, aende kwa kuhani, na kuhani amhesabie upya kama uwezo wake ulivyo. Mungu alishajua kuna watu miguu itagoma kukaa. (Kuna na Hesabu 30 ambayo mume anaweza kuitangua nadhiri ya mkewe siku anaposikia, hiyo usimpe mumeo aisome kwanza, ataanza kutangua mpaka sare ya kwaya.)

Kwa hiyo mumeo aambiwe, na aambiwe leo au kesho, sio kwenye simu, akirudi kutoka Tunduma ashaoga na kula. Mwambie milioni, mwambie na kikoba, yote, usibakize kidogo cha kusema baadaye. Atafoka. Ana haki ya kufoka kidogo, godoro la mtoto lilikuwa lake pia. Halafu wawili nendeni kwa mzee wa kanisa wenu mnayemwamini, sio kwenye ibada, nyumbani kwake jioni, mwambieni tuliahidi kwa moto, uwezo wetu ni huu, tuandikieni upya. Kama ni elfu kumi kwa mwezi iwe elfu kumi, au waseme ulichokwisha kutoa kinatosha. Kiongozi mwenye akili ataelewa, wanazo ahadi za hivyo lukuki kwenye daftari wanaziita hewa. Asipoelewa na jina likaendelea kusomwa, acha lisomwe. Utakaa hapohapo kwenye benchi na utaimba sauti yako.

Kikoba nenda kabla hawajakufuata, omba upangiwe marejesho madogo, hilo ni deni la kweli, ni hela ya wanawake wenzio.

Ile laki na themanini ianze na nauli ya mama na kitanda chake. Operesheni ya mtoto wa jicho haichukui muda mrefu, huwa wanaanza jicho moja, wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, gharama kaulize mwenyewe dirishani na uulize pia kama kuna kambi ya macho karibuni na kama wazee wana msamaha. Kaa naye wiki moja, umtie matone kwa saa walizosema, maana hapo ndo wengi wanaharibu. Siku wakimtoa bandeji niandikie, nataka kujua alitazama nini kwanza.

Usiku ukipiga magoti usiombe kitu kwa siku chache. Sema tu nimekuja, ukinyamaza nyamaza, usingizi ukija lala.

Na yale magunia mawili ya stoo, kama ni ya shamba lile lililoungua usipande hata kama vinaonekana vizima, ukungu unajificha ndani ya kiazi unaamka na mvua za mwanzo. Kama ulinunua kwingine vitoe humo gizani, vitandaze safu moja au mbili juu ya chanja penye kivuli chenye mwanga, visipigwe jua wala mvua. Vikikaa gizani vitatoa machipukizi meupe marefu yanayokatika ukiyashika, penye mwanga yanakuwa mafupi manene ya kijani, hayo ndo ya kupanda.